Dole Gumba la Mzee Maduhu

Dole gumba langu la kushoto lilibaki na rangi ya zambarau kwa siku nne. Nililisugua kwa sabuni ya mche, kwa limau, mwisho kwa mchanga wa ziwani mpaka ngozi ikawaka, lakini wino wa muhuri ukishaingia kwenye mistari ya kidole haujali una haraka kiasi gani. Siku zote hizo mkono wa kushoto niliuficha ndani ya kitenge. Shangazi yangu, niliyekuwa nakaa kwake Mabatini, akaniuliza kama nimeungua na mafuta. Nikasema ndiyo. Akaniletea dawa ya moto. Nikajipaka, kwa sababu ukishadanganya lazima ujipake.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia sasa kwenye kazi ya kuomba fedha za maonyesho ya makumbusho. Nimestaafu miezi mitano iliyopita. Mlinifanyia hafla nzuri, mkanipa saa ya ukutani, na mmoja wenu akasimama akasema kwamba kwa miaka yote ile Mama Nyangeta hakuwahi kukosea karatasi hata moja. Nilikuwa natafuna keki. Niliogopa kwamba nikisimama nitasema ukweli, kwa hiyo niliinuka nusu, nikasema asanteni, nikakaa. Nimelala vibaya tangu siku ile. Ukweli wenyewe ni huu.

Inabidi kwanza mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Waliotutangulia chuoni walikuwa wakimaliza mtihani wa mwisho wanapangiwa kazi na serikali. Unarudi nyumbani kupumzika, barua inakufuata. Sisi tulimaliza wakati mlango huo unafungwa. Tukaambiwa soko ni huria, kila mtu ajitafutie, na wakati huohuo maofisini watu wazima wenye watoto sekondari walikuwa wanapunguzwa kazi. Mimi, binti wa Kijita kutoka kwa wavuvi wa Majita, msomi wa kwanza wa ukoo, nikakaa miaka miwili kwa shangazi nikichagua mitumba ya watoto ya kuuza. Barua moja ya kuomba kazi niliiandika mara tisa, nikiwaza kama "naomba" inaonyesha unyonge na "ningependa" inaonyesha kiburi. Nilipoipeleka posta nikarudi kumuuliza karani kama anaweza kunirudishia.

Aliyenipa kazi ni Mzee Bituro. Alikuwa Mkerewe, mwalimu wa sanaa aliyestaafu, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Yeye na wenzake wachache walikuwa wameanzisha chama cha utamaduni, wakakodi ghala la zamani la pamba karibu na ziwa, wakaliita makumbusho. Siku niliyoingia niliona vyungu viwili, ngoma moja iliyopasuka, na popo wasio na idadi.

Wazo lake lilikuwa kubwa kuliko ghala. Alisema watu wakitaja sanaa ya Mwanza wanataja ngoma za Kisukuma, basi. Yeye alitaka kila mkono uliopita mjini uonekane: vyungu vya akina mama wa Ukerewe, nguo za magome ya mti kutoka Bukoba, nakshi za mitumbwi ya Wajita, vikapu vya Wajaluo, kazi za masonara wa Kihindi wa mjini, na mabango ya vinyozi wa Mabatini yenye vichwa vikubwa kuliko mabega. Halafu Wasukuma wenyewe, pande zao mbili, Bagika na Bagalu.

Kwa wasiojua: hivyo ni vyama viwili vya ngoma ambavyo vimekuwa vikishindana tangu enzi za mababu. Baada ya mavuno vinacheza siku moja, uwanja mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna jaji. Watu wanasimama katikati, na upande unaowavuta wengi ndio ulioshinda. Kiongozi wa kila kikundi anaitwa manju, na manju wa upande mmoja hampi mwenzake hata nafasi ya kupiga chafya.

Mzee Bituro alinifundisha kazi kwa maneno machache. "Mfadhili ni mkwe," alikuwa akisema. "Nenda umeoga, usile sana, na usimweleze matatizo yote ya nyumbani siku ya kwanza." Neno "mbalimbali" alilikata kwa kalamu nyekundu kila alipolikuta. "Jamii mbalimbali ndiyo jamii gani, binti? Ina nyumba wapi? Nikaisalimie." Alinifundisha pia kusoma fomu kuanzia ukurasa wa mwisho, na hili lishikeni hata leo mnapojaza kwenye kompyuta. Kurasa za mwanzo zinauliza ndoto zenu. Za mwisho zinauliza viambatisho. Sijaona mtu aliyekosa fedha kwa sababu ya ndoto.

Makosa yangu ya kwanza yalikuwa ya kuchekesha. Niliwahi kuchanganya futi na mita, nikaomba kabati la kioo la urefu wa mita tisa, na mfadhili akaandika kuuliza kwa upole kama tunakusudia kuonyesha kiboko. Mzee Bituro alicheka wiki nzima. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu nani mwingine alihitimu mwaka wangu na anaweza kuletwa kuchukua kiti changu.

Kosa lenyewe lilikuja na fomu kubwa, ile ya maonyesho yote. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na jedwali: jina la jamii, jina la kiongozi, kitu kitakachoonyeshwa, na ushahidi wa maandishi kwamba mwenyewe ameridhia. Chini yake pameandikwa kwamba jedwali lisilokamilika litafanya ombi lote lisisomwe. Tulikuwa na vikundi vinane. Nilipata barua saba. Ya Bagalu niliipata kwa manju wao, Mzee Masanja, mtu mnene mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya pili. Alisema hajui kuandika, akachovya dole kwenye wino, akalibandika kwenye karatasi kama anaua mbu.

Iliyobaki ilikuwa ya Bagika, ya Mzee Maduhu, ng'ambo ya Magu. Bahasha ilitakiwa kuondoka na treni ya Ijumaa. Jumatano nikaenda stendi ya Buzuruga. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu.

"Dada, daraja limelala," utingo akaniambia. "Labda uogelee."

Alhamisi nikaenda tena, yuleyule akanitazama. "Dada wa kuogelea umerudi?"

Mzee Bituro alikuwa Ukerewe kwenye msiba. Simu huko hakuna. Nilikuwa peke yangu ofisini na jedwali lenye kijisanduku kimoja kitupu, na nawaambieni, nilikitazama mpaka nikaanza kukiona hata nikifumba macho. Niliwaza: ombi lisiposomwa, fedha hakuna. Fedha zisipokuwepo, pango la ghala litashindikana. Ghala likienda, kazi imekwenda. Nikawaza na upande wa pili: Masanja si amekubali? Maduhu atakataaje, aache Bagalu peke yao waonekane? Atakubali tu. Nitaenda wiki ijayo barabara ikifunguka, nimweleze, na itakuwa kama vile alikubali Alhamisi.

Nikaipiga chapa barua ileile ya Masanja, nikabadilisha jina. Kwa kuwa Masanja aliweka dole, mzee mwenzake naye nikamwekea dole. La kwangu. Ilichukua muda mfupi kuliko kuandika sentensi hii.

Wiki iliyofuata barabara ilifunguka, sikwenda. Nilikuwa nimefikiri sana. Nikienda akakataa, barua itakuwa ya uongo. Nisipokwenda, itakuwa haijawa ya uongo bado. Mnaweza kucheka, lakini niliishi ndani ya hesabu hiyo miezi minne. Kila gari lililosimama mbele ya ghala niliamini ni la polisi. Nilikuwa napita njia ndefu kwenda nyumbani ili nisipite karibu na kituo chao, halafu nikawaza kwamba mtu anayekwepa kituo ndiye anayetiliwa mashaka, nikarudia njia fupi, natembea nikiwa nimetabasamu peke yangu kama mgonjwa. Butimba, gereza letu, niliwahi kulipita nikiwa kwenye basi, nikajikuta nasoma ukuta wake kama mtu anayetafuta chumba cha kupanga.

Mavuno yalipoisha jibu likaja. Ombi limekubaliwa kwa masharti. Mkaguzi atafika baada ya siku kumi, na angependa kukutana uso kwa uso na viongozi wote wanane waliotia sahihi.

Mzee Bituro alicheza. Mzee wa watu, na uzi wa miwani unaning'inia, alizunguka ghala zima akiwapungia popo. Siku hiyohiyo Masanja alipita kuuliza habari, na Mzee Bituro, ambaye hakujua lolote, akamwambia kwa furaha, "Jiandae vizuri. Na mwenzako Maduhu naye keshaweka dole zamani, mtakuwa ukuta mmoja."

Masanja akakunja uso. "Maduhu ameweka nini?"

"Dole. Kama lako."

Akaanza kucheka. Hakucheka kile kicheko chake cha kila siku. Hiki kilianza taratibu, kikapanda, kikamtoa nje ya mlango, na tulikisikia mpaka alipofika barabarani. Mzee Bituro akaniuliza kulikoni. Nikasema sijui, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne nilikuwa nasema kweli.

Siku ya tano nikapata basi. Kando ya njia yote wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wamejipanga na mizani zao mpya, wakiita wakulima kama vinyozi. Nilifika kwa Mzee Maduhu mchana. Mke wake alikuwa anaanika mihogo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye wa makumbusho?"

"Ndiyo, mama."

"Amekungoja tangu mnada wa juzi. Kaa hapo karibu na mlango. Ukitaka kukimbia pita kushoto, kulia kuna mbwa."

Mzee Maduhu akatoka. Alikuwa mrefu, kifua wazi, shingo ya mtu aliyebeba ngoma maisha yake yote. Hakuitikia salamu yangu. Alikuwa ameshika kitu kilichofungwa kwenye nailoni, akakifungua polepole, akakiweka kwenye magoti yangu. Kilikuwa cheti cha elimu ya watu wazima, cha zamani, kimekunjwa mara nne mpaka mikunjo ikaanza kutoboka.

"Soma."

Nikasoma.

"Jina."

"Maduhu."

"Pale chini pana nini?"

"Sahihi, mzee."

"Ya nani?"

"Yako."

"Niliiandika kwa kitu gani?"

Nikakisogeza cheti karibu na macho.

"Binti, nimekuuliza. Niliiandika kwa kitu gani?"

"Kwa kalamu."

"Kwa kalamu," akasema, akageuka kumtazama mke wake kama shahidi. "Nimesoma usiku wa taa za mafuta, na mkono huu umetoka kulima pamba kutwa nzima. Mwalimu alikuwa kijana kuliko mwanangu wa kwanza, ananiambia Maduhu, herufi zako zinalala. Nikaziamsha. Masanja alikuwa darasani siku mbili tu, akasema kalamu inamwasha, akaondoka. Juzi mnadani, mbele ya wauza ng'ombe wote, ameinua dole lake hivi, akasema, 'Karibu kwenye chama chetu, mzee mwenzangu.' Watu wakahama kutoka kwenye ng'ombe kuja kunicheka. Unaelewa? Wakahama."

Nikamwambia yote. Mvua, utingo, treni, kijisanduku. Bila kujua nilikuwa nakikunja na kukikunjua cheti chake magotini kwangu, akakichukua asije akakiona kimechanika. Nilipomaliza nikasema najua nimeghushi na niko tayari anishitaki.

"Kughushi ni neno la mahakamani," akasema. "Mimi siyo mahakama. Mimi nasema umeniandika kwamba sikusoma."

Kilichonishangaza ni kwamba vitu vya maonyesho hakuvikataa kabisa. Kitu kikubwa cha kikundi chake kilikuwa sanamu ya mwanamke ya mbao, urefu wa mtoto wa miaka mitano, mikono yake inachezeshwa kwa kamba. Wachezaji wanaiita Mke wa Pili. Mke halisi alipotusikia tunaitaja akapaza sauti kutoka kwenye mihogo. "Mchukueni! Mchukueni huyo mke mwenza nipumzike. Tangu niolewe analala pakavu kuliko mimi."

"Nitakuja naye," Mzee Maduhu akaniambia. "Lakini karatasi ile itoke. Na huyo mgeni aambiwe, Masanja akiwa amesimama hapo, kwamba dole lile si la Maduhu. Aambiwe ni la nani."

Nikaingiza mkono kwenye mkoba. Nilikuwa nimekuja na barua mpya, safi. Nikamwomba aweke sahihi yake halisi, nami nitazibadilisha kimyakimya, mgeni asijue kulikuwa na nyingine.

"Na Masanja," akaniuliza, "ataambiwa nini kimyakimya?"

"Mzee, nitafukuzwa. Naweza kufungwa."

"Basi usiseme. Na mimi sitakuja. Wewe ndiye utamweleza mgeni Maduhu amekwenda wapi."

Safari ya kurudi siikumbuki. Nakumbuka siku tano zilizofuata. Kila asubuhi niliingia ofisini nimeshaamua kumwambia Mzee Bituro.

"Mzee."

"Sema, binti."

"Nilikuwa nauliza, ukuta ubaki mweupe?"

"Mweupe."

Kesho yake vilevile. Siku ya nne akavua miwani. "Wewe na kuta mna nini? Mmegombana?" Nikacheka. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kuandika lebo za vyungu.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa Dar es Salaam, Bi Tunu, mfupi, mtaratibu, daftari lake linanukia udi. Viongozi walikuwa wamekaa kwenye viti vya kuazima, kila mmoja mbele ya kitu chake. Mama wa Ukerewe na chungu. Sonara alikuwa amefunga duka. Mzee Kagaruki alikuwa ametoka Bukoba kwa meli na nguo ya magome aliyoirithi kwa babu yake, ameikunja kama mtoto mchanga. Masanja alikuwa na ngoma yake, na kwenye kona ya pili, mbali kabisa naye, alisimama Mzee Maduhu na Mke wa Pili amefungwa kanga. Hakuwa amekaa. Alikuwa ananitazama mimi.

Bi Tunu akafungua faili. Alianza kuita majina na kuweka vema kwenye daftari. Alipofika la nane nikasikia mtu anasema, "Samahani, dada, hiyo siyo yake." Ilikuwa sauti yangu, nyembamba kuliko ninavyoijua.

"Siyo ya nani?"

"Dole hilo siyo la Mzee Maduhu. Ni la kwangu. Niliweka mimi. Yeye hakujua."

Mzee Bituro alivua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya tai, akaifuta mpaka uzi ukakatika. Wa kwanza kuzungumza alikuwa Masanja. "Kumbe si lake? Basi nimecheka bure!"

"Umecheka bure, wewe wa dole," Mzee Maduhu akamjibu. "Ninaomba kalamu."

Akapewa, pamoja na ile barua mpya. Akaandika. Jamani, aliandika. Kila herufi alisimama, akaitazama, akaiendea nyingine. Masanja akashindwa kuvumilia, akasema, "Malizia, mzee, karatasi isije ikaota mvi," na watu wakacheka, na mimi kwa nukta moja nikapumua. Nikadhani limekwisha.

Bi Tunu hakucheka. Aliziweka barua zote nane mezani, mstari mmoja, akazitazama. Halafu akanigeukia.

"Na hizi saba?"

"Hizo ni za kweli, dada."

"Nitajuaje?"

Sikuwa na jibu. Vijana wangu, nimekaa kwenye kazi hii mpaka nywele zimekuwa nyeupe na bado sina. Nilikuwa nimejiandaa kwa polisi, kwa gereza, kwa kufukuzwa, kwa aibu ya shangazi. Yote niliyoyaogopa miezi minne yalinihusu mimi. Halikunijia hata mara moja kwamba dole langu litagusa barua za watu ambao hawakufanya kosa.

Wakaombwa warudie wote, mmoja mmoja, mbele yake. Mama wa Ukerewe alichovya kidole akakipangusa kwenye kanga yake bila kunitazama. Sonara aliandika jina lake kwa haraka, akasema ana wateja. Zamu ya Mzee Kagaruki ilipofika, alibaki amekaa.

"Nilishaweka," akasema.

Bi Tunu akamwambia kwa heshima kwamba ni utaratibu tu.

"Najua. Lakini niliweka mbele ya binti huyu, nikampa na chai. Sasa naulizwa kama niliweka." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Alianza kuikunja nguo yake, upande, upande wa pili, akaifunga kwa kamba yake. Mzee Bituro akamfuata mpaka mlangoni akimbembeleza kwa Kikerewe na yeye akimjibu kwa Kihaya, lugha zao zinasikilizana. Akapanda meli jioni ileile. Hakurudi tena mwaka ule wala mwaka mwingine, na alipofariki wanawe wakatuambia nguo alizikwa nayo.

Uamuzi wa mfadhili ulichukua wiki saba. Mzee Bituro hakunifukuza wakati huo, wala hakuzungumza nami zaidi ya salamu na kazi. Kila asubuhi nilimkuta keshafika. Barua ilipokuja ilisema tutapewa fedha, ila zimepunguzwa, makabati ya kioo yameondolewa. Akaniwekea barua mezani. "Umebaki," akasema. "Usiniulize kwa nini, nami bado najiuliza."

Tulifungua bila vioo. Kwa kuwa hapakuwa na kioo, Mzee Maduhu alikuja na mkeka akakaa chini ya Mke wa Pili ili asiguswe. Masanja aliposikia akaleta wa kwake. Kuanzia hapo mtu akiingia ghalani anaitwa kutoka pande mbili, huyu anavuta kamba sanamu inyanyue mkono, yule anagonga ngoma, na wanafunzi wa Nyakato wanakimbia huku na kule kama mpira. Watu walitoka mjini kuja kuwaona wazee wawili wakizibiana riziki. Magazeti yalisema tumebuni makumbusho hai. Katikati yao kulikuwa na sehemu ya ukuta isiyo na kitu, na lebo niliyokuwa nimeshaiandika ya nguo ya Bukoba. Mzee Bituro alikataa niibandue.

Kuna jambo moja nimelibakiza. Siku ile ya ukaguzi nilimsindikiza Bi Tunu kwenye teksi nikiwa nimembebea begi. Nilimwomba msamaha tena. Akaingia, akashusha kioo, akasema, "Mdogo wangu, mimi nisingejua. Sisi tunaangalia kama karatasi zimetimia. Dole halisomwi na mtu." Sijui kama alikuwa ananipa pole au ananisuta. Gari likaondoka.

Mlikuwa mkinicheka kwa kusafiri siku mbili kufuata sahihi moja ambayo mngeipata kwa simu. Mlidhani ni uzee, au uoga wa kukamatwa. Kukamatwa sikukuogopa tena baada ya siku ile. Ninachokiogopa ni ile Alhamisi ilivyokuwa rahisi. Kama Mzee Maduhu angekuwa hakusoma, angekubali, angekuja, angekaa kwenye kiti chake, na Bi Tunu angeweka vema. Mzee Kagaruki angebaki. Kila kitu kingekuwa kizuri kuliko kilivyokuwa, na masika yaliyofuata barabara ingekatika tena, na wino ulikuwa palepale kwenye droo. Najijua. Ningeuchukua.

Mafaili yangu yote yako kwenye kabati la chuma, nyuma ya mlango, na funguo mnazo. Chukueni lolote, chagueni majina mnayotaka, mwende mkawaulize wenyewe kama waliweka sahihi zile. Wengi bado wako hai. Mimi ninaamini watasema ndiyo. Niko nyumbani, simu iko wazi, nasubiri mniambie.